Ruta yako inaliwa na nani? Dalili, sababu na namna ya kuifunga kwa paswedi za maana

Jumamosi moja nilikuwa Tabata kwa mama mmoja anayelipia faiba kila mwezi bila kukosa, nyumba ina watu wanne tu, na malalamiko yake ni yale yale ninayoyasikia kila wiki, yaani asubuhi intaneti inakimbia lakini ikifika saa mbili usiku tamthilia inazunguka tu. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hebu nitazamie hiki kidude maana nimeshakichoka nataka nikirudishe kwa wenyewe. Nikafungua orodha ya vifaa vilivyoshika waifai. Vifaa 23. Tecno sita, Infinix nne, Redmi kibao, iPhone moja wakati pale ndani hakuna mwenye iPhone, na TV mbili za Hisense wakati sebuleni ipo moja. Mama akatulia kidogo akauliza, sasa hii TV ya pili iko wapi mwanangu? Tuliipata, nitasimulia huko chini, ila jua kwamba hakukuwa na haka (mdukuzi) yeyote. Kwenye kazi hii nimekuta mahaka wachache sana, wengi ninaokutana nao walipewa paswedi na mtu wa ndani.

Kabla ya dalili yoyote kuna kitu kimoja kinachowachanganya karibu watu wote. Ruta ina paswedi mbili. Kuna ya waifai, ile unayompa mgeni, na kuna ya kuingilia kwenye setingi za ruta yenyewe. Ya kwanza inamfikisha mtu sebuleni, ya pili inamfanya awe mwenye nyumba kabisa, akitaka anabadilisha kitasa na wewe unabaki nje unabisha hodi. Watu wanabadilisha ya kwanza kila mwezi halafu ya pili wanaiacha admin na admin tangu siku ruta imetoka kwenye boksi.

Kuingia kwenye setingi si kazi. Simu au kompyuta iwe kwenye waifai yako, fungua braoza, andika namba ya ruta pale juu kwenye anwani. Nyingi za TP-Link na Tenda ni 192.168.0.1, nyingine 192.168.1.1, boksi nyingi za faiba za Huawei ni 192.168.100.1 na vile viruta vyao vya laini ya simu ni 192.168.8.1. Usikariri, geuza ruta usome stika ya chini. Braoza ikikwambia ukurasa huu si salama usiogope, hapo unaongea na boksi lililo mezani kwako, endelea.

Dalili ya 1: jioni inasuasua, au bando linaisha kabla ya wakati

Najua umekuja hapa unataka jina la jirani. Samahani, anza na nyumba yako kwanza, maana hiyo ndiyo sababu namba moja. Video ya HD inakula karibu GB 3 kwa saa moja, kwa hiyo TV ikiachwa inajichezea yenyewe kuanzia saa moja hadi saa tano usiku na watu wameshalala kwenye makochi, hizo ni GB 12 zimekwenda na hakuna aliyeiba. Simu zinapakia picha zote mtandaoni usiku, kompyuta ya Windows inashusha apdeti bila kumuuliza mtu, gemu za watoto ndiyo usiseme.

Cheki rahisi: zima waifai kwenye simu zote za nyumbani isipokuwa yako, zima TV kwenye swichi ya ukutani siyo kwa rimoti, halafu pima spidi. Ikirudi kawaida, mla bando ni wa kwenu. Ikibaki mbovu vile vile, ingia kwenye setingi tafuta orodha ya vifaa, kwenye ruta nyingi imeandikwa "DHCP Clients" au "Connected Devices". Hesabu. Usiangalie taa ya waifai inavyopepesa useme ndiyo ushahidi, ile taa inapepesa hata kama hakuna mtu.

Ukikuta jina usilolijua usikurupuke kublok. Vifaa vingine vina majina ya ajabu, kamera inaweza kujiita "ESP" na namba mbele, simu nyingi siku hizi hazionyeshi jina kabisa. Zima kifaa kimoja kimoja cha nyumbani na uangalie kinachopotea kwenye orodha, mara nyingine inachukua dakika chache kabla hakijafutika kwa hiyo subira. Vinavyobaki baada ya hapo ndiyo wageni wako, nenda dalili ya 2.

Kama orodha ni safi na bado inasuasua, pengine ni msongamano wa hewani. Kwenye nyumba za kupanga unaweza kuona waifai 15 kwenye simu yako, zote zinagombania masafa ya 2.4 GHz. Hamia 5 GHz kama ruta inayo, lakini jua haipenyi kuta vizuri, au kwenye 2.4 weka chaneli ya 1, 6 au 11 kwa mkono, hizo tatu haziingiliani. Chomeka kompyuta kwa kebo upime tena. Kwa kebo pia mbovu? Basi acha kupekua setingi, tatizo liko nje ya nyumba, wapigie wanaokuuzia huduma. Na kwenye boksi la faiba taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu hilo si la paswedi wala la jirani, kebo imekatika au imekunjika mahali, wala usiichomoe ile kebo nyembamba uchungulie mwanga wake kwa jicho, ni leza na huwezi kuuona lakini jicho linaumia.

Dalili ya 2: umebadilisha paswedi, baada ya siku mbili wageni wamerudi

Hii ndiyo yenyewe. Mama wa Tabata alikuwa amebadilisha paswedi ya waifai mara tatu, na kila mara anaona ahueni siku mbili tatu halafu mambo yanarudi kule kule.

*Sababu ya kwanza, inayoongoza kwa mbali: mtu wa ndani anaigawa.* Na siku hizi hahitaji hata kuitaja. Simu yoyote ya kuanzia Android 10, iliyotoka 2019, ikishashika waifai inaweza kutoa ile picha ya QR ya kushea, na kwenye simu nyingi paswedi yenyewe imeandikwa pale chini ya picha kwa herufi zinazosomeka. Mtoto wa mama yuko kidato cha tatu, anakata nywele kwa kinyozi wa nyumba ya mbele. Nilivuka barabara nikaenda kukaa kwenye kile kiti kama mteja. Kwenye kona ya kioo, katikati ya kalenda na picha za mitindo ya nywele, kuna karatasi imebandikwa kwa selotepu ina QR na chini yake kalamu ya mkono imeandika WAIFAI BURE KWA WATEJA. Kinyozi mwenyewe hakuwa na habari kama kuna ubaya, anasema dogo ndiye alimpa na yeye akawa anamnyoa bure. Na TV ya pili ilikuwa pale juu ya mlango wa saluni, mpira unaendelea, vijana wanne kwenye benchi wanaangalia kitonga.

Dawa ya hapo si kugombana na mtoto, ingawa aligombezwa. Dawa ni mtandao wa wageni. Ruta nyingi zinayo hiyo sehemu, imeandikwa "Guest Network", unaipa jina lake na paswedi yake, na simu za watoto, za wageni, za dada wa kazi, za fundi anayekuja kupaka rangi, zote zinakaa huko. Mtandao mkubwa unabaki na TV, kompyuta ya kazi na simu za wazazi. Ukihisi imesambaa unabadilisha ya wageni peke yake kwa dakika moja na TV haina hata habari. Ukiweza pia iwekee kikomo cha spidi.

*Sababu ya pili: paswedi ya setingi bado ni admin.* Yeyote aliyewahi kuingia kwenye waifai yako anaweza kufungua ule ukurasa, akabonyeza alama ya jicho na kuisoma paswedi mpya unayoiweka, halafu anampa mwenzake. Kwa hiyo mpangilio ni huu, na ndipo watu wengi wanapokosea: badilisha ya setingi KWANZA, ya waifai baadaye, siku hiyo hiyo na kikao hicho hicho. Ukianza na ya waifai halafu ukaahirisha ya pili mpaka kesho, umempa mtu usiku mzima.

Na si majirani peke yao wanaoijua admin. Mwaka 2016 kilisambaa kirusi kinaitwa Mirai, ujanja wake wote ulikuwa ni orodha ya paswedi za kiwandani kama 60 hivi, kinazijaribu kwenye kamera na ruta duniani kote, na kwa hizo tu kilikusanya vifaa vingi kiasi kwamba Oktoba mwaka huo Twitter, Netflix na wengine wakapotea hewani kwa saa kadhaa Marekani. Wenye hizo kamera hawakujua chochote, kwao zilionekana nzima. Kwa hiyo ukiwa mle ndani kwenye setingi tafuta pia "Remote Management" uhakikishe imezimwa, hiyo ndiyo inayoruhusu mtu wa nje ya nyumba kufungua ukurasa wa ruta yako.

*Sababu ya tatu: WPS.* Ni kile kitufe cha nyuma cha kuunganisha bila paswedi. Ukikibonyeza ruta inafungua mlango kwa dakika mbili kwa yeyote anayeomba, kwa hiyo mgeni aliyekaa karibu na ruta hahitaji paswedi yako wala ya babu yako. Mbaya zaidi ni ile PIN yake ya tarakimu nane. Ungedhani mtu atajaribu mara milioni 100, lakini ruta inaikagua nusu kwa nusu na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikisha hesabu tu, kwa hiyo majaribio yanashuka hadi 11,000, na jambo hili liko wazi tangu mwishoni mwa 2011. Zima WPS. Ukihitaji kuunganisha printa siku moja utaiwasha na kuizima.

*Sababu ya nne: paswedi yenyewe ni ya kubuni kirahisi.* 12345678, jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa, jina la timu, na hii ninayoikuta kuliko zote, namba ya simu ya baba mwenye nyumba. Watu wanaiona ndefu, tarakimu kumi. Lakini namba za simu za Tanzania zinaanza 06 au 07, kinachobaki cha kubahatisha ni tarakimu nane. Mtu anayejua kazi hakai nje ya dirisha lako anajaribu moja moja, ananasa mara moja tu yale mazungumzo ya hewani ya simu yako inapojiunga na ruta, anakwenda nayo nyumbani, na kompyuta yake yenye kadi nzuri ya michoro inapitisha namba zote za nchi hata siku haiishi. Ruta yako haina habari kwamba kuna mtu anajaribu. Na mimi ninayeandika haya, mpaka miaka michache iliyopita ya kwangu ilikuwa namba yangu ya zamani ya simu.

Paswedi nzuri ya waifai inaruhusiwa kuwa na herufi 8 hadi 63, kwa hiyo nafasi unayo. Chukua maneno manne au matano yasiyojuana, yasiwe methali wala mstari wa wimbo wala sala, angalia tu kuzunguka chumba na kichwani: kisamvu, tairi, alhamisi, ndoo, kengele. Unganisha kwa vistari. Usichukue haya niliyoandika, yameshasomwa. Kiswahili kinatusaidia hapo, unaweza kubandika viambishi unavyotaka, "kilichotairika" ni neno ambalo halipo kwenye kamusi ya mtu yeyote. Ya setingi iwe tofauti kabisa, iandike kwenye karatasi uiweke na hati za nyumba, usiibandike kwenye ruta.

Halafu kuna dawa mbili ambazo watu wanashauriana sana na mimi naziona za kujifariji. Moja ni kuficha jina la waifai. Programu ya bure ya kompyuta inaweza kuliona, na simu zako zenyewe zinakuwa zinaliita kila zinapokwenda. Nyingine ni kublok kifaa kwa namba yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ambayo kifaa kinaionyesha kwa ruta. Simu kuanzia Android 10 na iOS 14 zinatumia MAC ya kubuni, mwenye simu anaibadilisha kwenye setingi kwa kugusa mara moja na anarudi na sura mpya. Kublok ni sawa kwa usiku mmoja tu wakati unasubiri kubadilisha paswedi.

Umefanya yote na bado wanarudi? Tafuta kiboksi cha pili. Ile ekstenda (kiboksi cha kusogeza waifai mbali) uliyochomeka koridoni 2020 inaweza kuwa na jina lake na paswedi yake ya zamani, au haina kabisa. Kama tatizo si la ekstenda wala la ruta, ita fundi.

Dalili ya 3: ukurasa wa setingi haufunguki, au unakataa paswedi

Ukurasa haufunguki kabisa: mara nyingi simu imerukia data. Zima data uache waifai peke yake. Ikishindikana namba uliyoandika si yake, kwenye Android gusa jina la waifai uliyoshika uangalie maelezo yake, kwenye iPhone ni ile alama ya i, utaona namba mbele ya neno Router, kwenye Windows andika ipconfig kwenye lile dirisha jeusi usome mbele ya Default Gateway. Na kama uko kwenye mtandao wa wageni, ukurasa haufunguki kwa makusudi, hamia mtandao mkubwa.

Ukurasa unafunguka lakini paswedi inakataa: jaribu ya kwenye stika, angalia herufi kubwa na ndogo, sifuri na O. Halafu mpigie aliyekufungia, mafundi wengi (na mimi nimo) tulikuwa na tabia ya kuweka paswedi yetu moja kwa wateja wote ili tusihangaike. Usijaribu mara ishirini, ruta nyingi zinajifunga kwa dakika kadhaa ukikosea mara chache na wewe unadhani imekufa.

Yote yameshindikana ndiyo unafika kwenye kuriseti, kile kitundu unachochokonoa kwa pini kwa sekunde kama kumi mpaka taa zote zizime na kuwaka. HAPA SIMAMA KIDOGO. Kama ruta ni yako uliyonunua dukani na inachomekwa kwenye boksi jingine, au ni ya laini ya simu, riseti bila hofu kubwa, utaanza upya na paswedi za kwenye stika. Lakini kama ni boksi lenyewe la faiba uliloletewa na kampuni, riseti inafuta na maelezo yao ya kukuunganisha, yuzaneimu na paswedi ya laini na vitu vingine ambavyo hawakukupa na stika haina. Niliwahi kumfanyia hivyo mteja Ijumaa jioni najiona mjuzi, nyumba ikakaa bila intaneti mpaka Jumatatu saa nne, na yule bwana alikuwa na mkutano wa kazi Jumamosi. Boksi la kampuni lirisetiwe na kampuni, au uwapigie kwanza uwaulize kama wanaweza kulirudisha kwa mbali.

Tahadhari nyingine: kama unahisi mtu aliingia kwenye setingi akakufungia nje na unataka kumchukulia hatua, piga picha orodha ya vifaa na ukurasa wowote unaoonekana kabla ya kuriseti. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, lakini riseti inafuta ushahidi wako wote.

Dalili ya 4: umefunga vizuri, sasa TV, kamera au printa haishiki

Kwanza kabisa futa mtandao wa zamani kwenye kifaa, chagua "sahau", uanze upya. TV inang'ang'ania paswedi ya zamani na haikwambii, inasema tu imeshindwa.

Pili, kamera nyingi za bei ndogo na balbu janja zinajua 2.4 GHz peke yake. Kama ruta imeunganisha 2.4 na 5 kwa jina moja, zitenganishe kwa muda, unganisha kamera, rudisha.

Tatu, aina ya ulinzi. Kuna WEP ya 1997 iliyovunjwa kitambo, tangu 2001, kuna WPA, kuna WPA2 ya 2004 na WPA3 ya 2018. Ukiweka WPA3 peke yake TV ya zamani haiwezi kuingia. Weka WPA2/WPA3 kwa pamoja, au WPA2 yenye AES kama ruta haina 3. Ila nakuomba, usirudi WEP wala usiiache wazi kwa ajili ya printa moja ya zamani, chomeka hiyo printa kwa kebo. Nne, rimoti za TV nyingine zinasumbua na alama kama & au nafasi tupu, ndiyo maana nilisema vistari.

Dalili ya 5: kurasa zinakupeleka kwingine, matangazo ya kamari kila mahali, benki inaonekana tofauti

Usikimbilie ruta. Jaribu simu ya pili kwenye waifai hiyo hiyo. Ikiwa tatizo liko kwenye kifaa kimoja, ugonjwa ni wa hicho kifaa, kuna programu mliyoshusha nje ya duka rasmi, itoeni. Ikiwa inatoa onyo kwamba muunganisho si wa faragha, angalia saa na tarehe, simu iliyozima chaji mpaka ikarudi mwaka 2015 inakataa kila ukurasa. Na ikiwa kila kitu kinakupeleka kwenye ukurasa mmoja wa kulipia, bando limeisha tu ndugu yangu.

Sasa kama vifaa VYOTE vya kwenye waifai vinafanya hivyo, na ukiwasha data ya simu hali inakuwa safi, hapo ruta imeguswa. Ingia kwenye setingi, tafuta DNS. Hiyo ndiyo daftari la anwani ambalo ruta inauliza "benki fulani inakaa wapi", na mtu akiibadilisha anakuelekeza nyumba ya bandia yenye mlango uleule. Inatakiwa iwe otomatiki kutoka kwa kampuni yako, au namba unazozijua kama 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare. Mchezo huu si mgeni, mwaka 2011 FBI walimaliza genge la Estonia lililokuwa limechezea DNS za kompyuta kama milioni 4 kwenye nchi zaidi ya 100, na kirusi chao kilikuwa kinajaribu hadi ruta za nyumbani kwa paswedi za kiwandani. Admin ile ile.

Dawa: usirudishe DNS tu ukaondoka, maana aliyeibadilisha mlango anao. Shusha programu mpya ya ndani ya ruta kutoka kwenye tovuti ya aliyeitengeneza, kwa kutumia data ya simu siyo waifai hiyo, modeli na toleo vifanane kabisa na stika. Iweke kwa kebo wakati umeme umetulia, umeme ukikatika katikati ruta inageuka tofali. Kisha riseti (boksi la kampuni wapigie wao kwanza, kama nilivyosema kwenye dalili ya 3), paswedi ya setingi, paswedi ya waifai, WPS zima, kwa mpangilio huo. Kama umeme wa mtaani kwenu hauaminiki au hujui modeli, hii mpe fundi. Na kama kiwanda kimeacha kuitolea apdeti ruta yako ya miaka kumi, nunua nyingine.

Kama katika siku hizo uliandika PIN au paswedi ya benki kwenye ukurasa wowote, acha habari za ruta. Toka kwenye waifai, piga simu benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako, wazuie kwanza. Ruta haiendi popote, itakusubiri.

Dalili ya 6: jina la waifai limebadilika lenyewe

Karibu mara zote ni riseti. Umeme umerudi kwa kishindo, au mtoto kachokonoa kitundu, au adapta si yake (ruta ya volti 12 imepewa ya 9 na inajizima zima), basi ruta imerudi kiwandani na admin imerudi nayo. Ifunge upya siku hiyo hiyo, watu hawajui kwamba paswedi zao zote zimeondoka. Ukiona majina mawili yanayofanana, moja linaweza kuwa la 5 GHz au ekstenda. Lakini jina kama lako lisilo na kufuli wakati la kwako linayo, usilishike. Zima ruta yako uone, kama lile la pili bado lipo hewani basi kuna boksi la mtu mwingine, futa jina hilo kwenye simu zote na ubadilishe lako.

Ukimwita fundi

Kaa naye. Mwambie akuonyeshe orodha ya vifaa kabla na baada. Paswedi zote mbili uziandike wewe kwa vidole vyako, yeye aangalie dari. Akisema lazima aache Remote Management wazi ili awe anakusaidia akiwa kwake, mwambie utampigia na utamlipia bodaboda. Akishaondoka fungua ukurasa wa setingi ujaribu admin na admin, na ikikubali mrudishe kabla hajafika kituoni.